Kipimo cha mlango wa kizazi: kinaona nini?

Juma lililopita mama mmoja wa kikundi chetu alisema: «Mimi nilipimwa mwaka jana, wakanikuta mzima. Hii damu ni ya uchovu tu.» Tulimwomba arudi kwa muganga siku ile ile. Sababu ni hii.

Katika vituo vingi vya afya, muuguzi anapaka siki iliyopunguzwa nguvu kwenye mlango wa kizazi, anangoja dakika moja, kisha anaangalia. Mahali palipoanza kuharibika panageuka peupe. Mara nyingi hiyo si kansa bado. Ni mabadiliko ambayo, yakiachwa miaka mingi, yanaweza kuwa kansa. Yakionekana mapema, yanatibiwa. Kwa hiyo ukiambiwa «kuna weupe», usikimbie. Rudi utibiwe.

Lakini kipimo hiki hakioni yote. Hakionyeshi kansa ya mayai ya uzazi, wala uvimbe ulio ndani ya tumbo la uzazi, wala SIDA. Kinaweza pia kukosa kasoro iliyojificha ndani, zaidi kwa mama aliyekoma hedhi. Ndiyo maana kinarudiwa: kile cha siki, kila miaka 3, kuanzia umri wa miaka 30. Mama mwenye virusi vya SIDA anaanza na miaka 25.

Damu baada ya tendo la ndoa, damu baada ya kukoma hedhi, uchafu wenye harufu mbaya: usingoje kipimo kijacho. Nenda, hata kama karatasi yako inasema uko mzima.