Pe, Ti na Pyu: Neno "Sana" Limetuzidi Mzigo

Kijana mmoja wa hapa Mpui alitunga tarbia juu ya mama apikaye kwa kuni, akaipeleka kwa mhariri wa ukurasa wa mashairi ambao sitautaja. Mshororo mmoja alioutunga ulikuwa hivi:

Mekundu pyu macho yake, kwa moshi wa kuni mbichi.

Ulipochapishwa ulisomeka: "Mekundu sana macho yake, kwa moshi wa kuni mbichi." Mhariri alieleza kwamba "pyu" ni neno la mtaani, halifai katika Kiswahili sanifu. Hesabuni wenyewe, malenga wenzangu. Ukwapi wa kijana una mizani 8, na ule wa mhariri una 9. Shairi liliharibiwa kwa jina la usanifu, na aliyelaumiwa kwa kutojua kuhesabu ni mtunzi.

Mhariri huyo hayuko peke yake. Wengi wetu tunaamini kwamba njia ya heshima ya kukitia nguvu kivumishi ni kukifungia "sana" mkiani, na kwamba njia nyingine zote ni uhuni wa vijana au porojo za wazee. Imani hiyo naikataa.

Darasani tulifundishwa kwamba kielezi hufafanua kitenzi, kivumishi, au kielezi kingine. Kanuni ni sahihi, tatizo ni mifano. Kinapofika kivumishi, mfano hubaki mmoja tu: mtoto mzuri sana, mti mrefu sana. Kisha huja somo la Kiingereza, lenye ukoo mzima wa maneno yanayotangulia kivumishi: "very", "so", "too", "quite", "rather", "extremely". Kila moja lina uzito wake. Mwanafunzi akiambiwa atafsiri, yote sita huyapa jibu moja. Hatimaye huamini kwamba Kiingereza kina mizani ya dhahabu na Kiswahili kina jiwe moja la kupimia kila kitu.

Lakini msikilizeni mtu huyohuyo akiwa sokoni. Akiambiwa bei ya gunia la maharage, anaweza kusema "bei kubwa sana", au anaweza kusema "bei kubwa mno". Muuzaji anajua tofauti. Aliyesema "sana" bado yupo, anataka kupunguziwa. Aliyesema "mno" amekwisha kuondoka moyoni, miguu ndiyo iliyobaki. "Mno" hueleza kiasi kilichovuka mpaka. "Sana" huishia ndani ya mpaka. Mwalimu akitafsiri "too big" kwa "kubwa sana", amefuta tofauti ambayo mama muuza maharage anaitumia kila siku bila kitabu.

Na hilo ni dogo. Utajiri wenyewe uko katika yale maneno mafupi ambayo wanasarufi huyaita vielezi viigizi, na wenzetu wa Kenya huyaweka katika kundi la tanakali za sauti. Nguo nyeupe pe. Chungu cheusi ti. Macho mekundu pyu. Giza totoro. Kimya jii. Katika vitenzi ndiyo yamejaa pomoni: mtu hulala fofofo, hutulia tuli, hulowa chepechepe. Kila moja la maneno haya lina ndoa yake. "Pe" limeolewa na weupe na haliendi kwingine. Ukisema "mweusi pe" hata mtoto atakucheka. "Sana" halina ndoa. Hukaa na yeyote atakayelikaribisha, na ndiyo maana halisemi lolote juu ya mwenyeji wake. Katika "nyeupe sana" nasikia kiasi. Katika "nyeupe pe" nauona weupe wenyewe, kwa kuwa silabi ya mwisho ya kivumishi imerudi peke yake kama mwangwi.

Waingereza wana kitu kinachokaribia hapo: giza hulipa weusi wa lami, na kilichokauka hukipa ukavu wa mfupa, nomino ikibandikwa moja kwa moja mbele ya kivumishi. Hata hivyo wao wanalinganisha, yaani wanahitaji lami na mfupa viwepo duniani. "Ti" haihitaji kitu kingine.

Kuna jambo jingine ambalo sarufi za shuleni hulipita haraka. Ukikirudia kivumishi cha rangi, mara nyingi unakipunguza: kitambaa chekunduchekundu ni kile ambacho wekundu wake haujakamilika. Ukikirudia kiigizi, unakiongeza: "cheusi tititi" ni weusi usio na mwanya. Kurudia ni kitendo kilekile, matokeo yanapingana. Lugha yenye mfumo wa namna hii haistahili kuambiwa kwamba ina neno moja la kusisitizia.

Wala maneno haya hayakuzaliwa jana kwenye vijiwe. Clement Doke aliyapa jina la kitaalamu mwaka 1935 katika kitabu chake cha istilahi za isimu ya Kibantu, akiyaeleza kuwa ni sauti zinazochora wazo. E. O. Ashton naye aliyapa nafasi yake katika sarufi yake ya Kiswahili ya mwaka 1944. Anayeyaita ya mtaani basi atuambie ni mtaa gani huo wenye umri mkubwa kuliko shule yake.

Kwa mtunzi faida ni ya mkononi. "Sana" hula mizani 2. "Pe", "ti" na "pyu" hula 1 kila moja. Chukueni mshororo huu niliouunda kwa ajili ya mfano:

Unga ni mweupe sana, unatoka mashineni.

Hauna kosa la arudhi. Sasa ondoeni "sana", wekeni "pe", na nafasi iliyobaki itumieni:

Unga wetu mweupe pe, unatoka mashineni.

Mizani ni zilezile 8 kwa 8, ila sasa unga una mwenyewe. Mkulima ameingia katika shairi kupitia nafasi iliyokuwa imekaliwa na neno la kujazia. Kweli, kina cha kati kimegeuka kutoka "na" kuwa "pe", na ubeti wote lazima ugeuke nacho. Lakini vina vya "pe" si haba: nipe, umpe, alipe, wakope, tope, kope. Shairi la mkulima na deni la mbolea limekwisha kujileta lenyewe.

Kuhusu vijana wa mjini wanaosema "kali kinoma", "tamu kishenzi", "mzuri vibaya", mimi siwashutumu. Wanafanya walichofanya Waingereza kabla yao, walipochukua neno la kutisha, "terribly", wakalifanya la kusifia hata chai. Neno "very" lenyewe lilifika kwao kupitia Kifaransa, likiwa na maana ya ukweli, sawasawa na sisi tunaposema "mzuri kweli kweli". Hofu na ukweli ndiyo malighafi ya msisitizo kila mahali. Na "ki-" ya "kinoma" ni ileile ya "kiungwana". Maneno hayo huchakaa upesi, hilo nalikubali, lakini ni hai, na nikilazimishwa kuchagua kati ya "kinoma" na "sana" la kumi katika shairi moja, nitamwomba mhariri anisamehe.

Linaloniuma zaidi ni la kwetu. Hapa Ufipa, kando ya barabara ya Tunduma kwenda Sumbawanga, wengi wetu tulinyonya Kifipa kwanza. Kiswahili kilitufikia kwa njia ya daftari, ofisi na redio, na kilikuja na "sana" bila kuja na "pe". Nyumbani bibi akisimulia hadithi, sauti hugonga, huanguka, humeta. Tukivuka kizingiti cha darasa tunaziacha nje, tukidhani kwamba lugha rasmi ni lugha isiyotoa sauti. Ndipo msemaji wa bara anapokisema Kiswahili bila kosa hata moja na bado kikawa chapwa. Wa pwani alivipata viigizi kwa mama yake. Sisi lazima tupewe na mwalimu, na mwalimu akivifuta kwa kalamu nyekundu hatuna kwingine pa kuvipata.

Sisemi tuvimwage kama chumvi. Ubeti wenye viigizi vinne ni ngoma isiyo na mwimbaji. Tena vina mipaka yake: havipendi kukanushwa wala kulinganishwa. Hatusemi "nguo hii si nyeupe pe", na "nyeupe pe kuliko ile" husikika kama mguu ndani ya kiatu cha mwingine. Hapo "sana" lina kazi yake halali. Likikanushwa hupata hata ujanja ambao viigizi havina. Mgeni akiuliza njia hapa Mpui na kuambiwa "si mbali sana", asidhani ameambiwa ni karibu. Ameambiwa aondoke mapema.