Usaili wa Kazi Si Posa

Leo nina la moyoni, na huenda likawagusa baadhi yenu. Mimi mwenyewe nimo.

Mwezi uliopita nilivuka bahari kwenda Babati, Manyara, kumtazama dada yangu aliyeolewa huko. Nikamkuta binti yake katika pilikapilika. Ana diploma ya kompyuta, na kesho yake alikuwa na usaili kwa njia ya video na kampuni moja ya Dar es Salaam iliyokuwa ikitafuta mtengenezaji wa programu. Basi mama mdogo nikapata kazi. Nikampigia pasi mtandio, nikamchagulia rangi isiyomtia kiza, nikamfundisha kukaa wima, kutabasamu na kutazama kamera. Nikamfukizia na udi juu. Udi, shoga zangu, kwa usaili wa kwenye video!

Programu alizozitengeneza sikumuuliza hata moja.

Siku ya pili nikakaa nje ya mlango wa chumba chake, na mlango wenyewe haukuzuia sauti. Umeolewa? Hujaolewa, sawa, ukiolewa mume atakuruhusu kufanya kazi usiku? Huko Babati intaneti ipo kweli? Huo mtandio utakuwa nao hata mbele ya wateja? Mbona huchangamki? Dakika ishirini na tano zikaisha hivyo. Juu ya kompyuta akaulizwa jambo moja tu: ametumia lugha gani za programu. Akazitaja, wakaendelea na yao. Baada ya siku tatu ukaja ujumbe kwamba hawakuuona uchangamfu.

Nikamwambia dada yangu, huu si usaili, hii ni posa. Wametazama sura, wametazama ukoo, wameuliza habari za mume. Kilichobaki ni mahari.

Sasa nikwambieni walichokikosa. Babati ni nchi ya mbaazi. Msimu ukifika wafanyabiashara wanapima magunia mchana kutwa na kuandika kwenye madaftari, na jioni hesabu hazilingani. Mtoto huyu amemtengenezea mmoja wao programu ya simu inayoweka kilo, bei na deni la kila mkulima. Mtandao ukikatika, programu inaendelea kuandika, ukirudi, inatuma. Mwanzoni ilikuwa na hitilafu: mtandao ukirudi kwa kusuasua, gunia moja lilitumwa mara mbili, na mfanyabiashara akaonekana ana mzigo asiokuwa nao. Binti akakaa nalo usiku mbili. Mwishowe akalipa kila gunia namba yake palepale kwenye simu, kabla halijatumwa, ili kompyuta inayopokea ikiiona namba ileile mara ya pili isihesabu tena.

Mimi sijui kuandika programu, lakini nilielewa. Mwenye kujua angeuliza swali moja tu, "hebu nioneshe ulichokitengeneza," na asingelisahau jina lake.

Wako watakaosema, "Lakini adabu na uchangamfu navyo vinahitajika, kazi inafanywa na watu." Kweli. Kufika kwa wakati, kusikiliza mpaka mwenzio amalize, kukiri kosa, hayo ni adabu na kila kazi inayataka. Ila yatazameni katika kazi. Mpe mwombaji programu ndogo yenye hitilafu, mwambie aitengeneze huku akieleza anachokifanya. Hapo utaiona adabu yake na akili yake kwa pamoja. Mwaka 1998 wataalamu wawili wa Marekani, Frank Schmidt na John Hunter, walikusanya utafiti wa miaka 85 juu ya namna za kuchagua wafanyakazi. Kumjaribu mtu kwa kazi yenyewe, au kumuuliza maswali yaliyopangwa yaliyo sawa kwa wote, kulibashiri utendaji wake vizuri zaidi kuliko mazungumzo yasiyo na mpango. Na huko huko Marekani, okestra nyingi zilianza kuwasikiliza waombaji nyuma ya pazia, ili majaji wasikie ala tu. Nyengine zikatandika zulia, ili hata mlio wa viatu usimtambulishe mwanamke. Wanamuziki wameweza, mafundi wa kompyuta wanashindwa nini?

Na sheria ipo. Sisi Zanzibar tuna sheria yetu ya ajira, lakini kwa Bara, iliko Babati na iliko kampuni ile, kuna Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Kifungu cha 7 kinakataza kumbagua mtu kwa dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa au mahali alikotoka, na kinasema wazi kwamba anayeomba kazi naye amo. Msaili aliyeuliza habari za mume na mtandio aisome.

Mabinti, nanyi nawaambia. Msingoje kuulizwa. Dakika za mwanzo semeni, "Naomba nikuoneshe kitu nilichokitengeneza." Elezeni kinamsaidia nani, kiliharibika wapi na mlikitengeneza vipi. Msilolijua semeni, "Sijui, ila ningeanza kutazama hapa." Mkiulizwa habari za mume, jibuni kwa upole kwamba mmekuja kwa ajili ya kazi, kisha rudini kwenye kazi. Na nanyi waulizeni wao: programu nitakayoiandika ataikagua nani kabla haijamfikia mteja? Wakibabaika, mmeshajua ni kampuni ya aina gani.

Lakini lawama kubwa naiweka kwetu sisi mama na mama wadogo. Tunawapeleka watoto wetu kwenye usaili kama tunaowapeleka kwa mume, kisha tunashangaa wanapotazamwa kama maharusi. Kumpigia pasi mtandio si kosa. Kosa ni kuishia hapo.

Mwezi ujao ana usaili mwengine. Nimemwambia udi naubakisha Unguja. Atanipigia simu usiku wa kuamkia siku hiyo, anieleze programu ya mbaazi tangu mwanzo, na nitamkatiza kila nisipoelewa. Nikielewa mimi, msaili hatakuwa na kisingizio.

Tuonane wiki ijayo, inshallah.