Kirukanjia si panya, usimuue bure

Je, msomaji, umewahi kuona kinyama kidogo kikipita upesi usiku kandokando ya ukuta, huku kikitoa sauti nyembamba? Hapa Kisumu, kuanzia Nyalenda hadi kwenye mafunjo ya Dunga, wengi wetu tukikiona hupiga kelele, "Panya!" Watoto hukimbilia ufagio na mama hutafuta sumu.

Ngoja kwanza, utazame pua. Panya ana meno makubwa ya mbele ya kugugunia. Kirukanjia ana pua ndefu iliyochongoka, isiyotulia hata kidogo, macho madogo sana, na meno makali ya kukamatia wadudu. Hana udugu na panya. Aliye karibu naye zaidi ni kalunguyeye.

Mwili wake mdogo hupoteza joto haraka, kwa hiyo hula mara nyingi, usiku na mchana. Chakula chake ni mende, nyenje, mchwa, viwavi na nyungunyungu. Wale mende wanaokusumbua jikoni, yeye ndio kitoweo chake!

Ukibahatika utaona ajabu nyingine. Mama akihama na wanawe, mtoto wa kwanza humuuma mama karibu na mkia, wa pili humuuma wa kwanza, na kuendelea, mpaka wote wawe mstari mmoja kama gari moshi.

Imani ya zamani, inayosikika sehemu nyingi za Afrika, ni kwamba hawezi kuvuka njia akaishi. Hata Pliny, Mrumi aliyefariki mwaka 79, aliandika kwamba hufa akivuka alama ya gurudumu. Ukweli ni kwamba maisha yake ni mafupi, mara nyingi hayazidi mwaka mmoja au miwili. Tena ana tezi zenye harufu kali ubavuni. Paka humuua, akainusa harufu hiyo, akamwacha papo hapo. Nasi tunamkuta njiani kwa kuwa ndiko tunakopita.

Basi, akiingia nyumbani, fungua mlango umwelekeze nje kwa ufagio. Usimshike kwa mkono, maana huuma. Kwa panya, funika chakula na utumie mtego. Sumu haichagui: yaweza kumuua kirukanjia, paka, kuku, hata kumdhuru mtoto anayetambaa.

Tukutane Jumapili ijayo.