Khabari za Watoto Wetu Walio Kambini



Usiku mmoja baada ya sala ya Isha alinijia jirani yangu, mama wa kijana aliyemaliza kidato cha sita na kwenda kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mkononi ana simu, na machozi yamlengalenga. Katika kundi la simu la wazazi wenye watoto kambini ilikuwa imeletwa khabari kwamba maradhi yameingia huko, na kila mzazi atume fedha za matibabu kwa nambari iliyoandikwa. Mama huyu alikuwa amekwisha azimia kumpeleka ndama wake mnadani.

Nikamwuliza: "Dada yangu, ni nani aliyeyaona maradhi hayo kwa macho yake?" Tukaanza kuuliza mmoja baada ya mmoja. Aliyeileta khabari alisema kaipokea katika kundi jingine, na wa huko naye kaipokea kwingine. Mwisho wa mnyororo hapakuwa na mtu. Kulipokucha tukaenda ofisi ya wilaya, ikatuulizia kambini, na jioni mama yule akaisikia sauti ya mwanawe, mzima wa afya. Ndama yu zizini hata leo.

Jeshi hili liliasisiwa mwaka 1963. Mafunzo ya lazima yalisitishwa mwaka 1994, yakarejeshwa mwaka 2013 kwa wanaomaliza kidato cha sita. Mtoto wa Dongobesh au Katesh aweza kupangiwa Oljoro, Arusha, au akaenda mbali, Rwamkoma, Mafinga au Mlale. Akiwa mafunzoni hana simu mkononi, na kimya chake hujazwa na maneno ya watu.

Nasi watu wa Hanang na Mbulu twalijua jambo hili. Tarehe 3 Desemba 2023, matope na mawe yaliposhuka kutoka Mlima Hanang hata Katesh na kuua watu zaidi ya 80, ilienea khabari kuwa volkano imelipuka. Wataalamu wakachunguza, wakabainisha kuwa ni sehemu ya mlima iliyolowa maji ikameguka. Walioieneza hawakuwa wote waongo. Wengi walikuwa na khofu, na khofu huipa khabari miguu.

Katika Suratun Nisaa, aya ya 83, Mwenyezi Mungu anawalaumu wanaotangaza kila khabari ya amani au ya khofu kabla ya kuirudisha kwa wenye dhamana nayo. Na wanavyuoni wa Hadithi hawakuyapokea maneno mpaka wamjue msemaji, na aliyemsikia, na aliyemsikia huyo. Je, khabari ya mtoto wako haistahili kupimwa?

Simwambii mzazi atoke katika kundi. Mwenzio aliyemsindikiza mwanawe mwaka jana aweza kukueleza safari ilivyokuwa na baridi aliyoikuta, kwani hayo kayaona. Lakini bukta ya buluu iliyokoza, shuka mbili na nauli ya kwenda na kurudi hutajwa na tangazo la Jeshi lenyewe. Hilo ndilo la kufuatwa. Ama anayetaka fedha ili mtoto apewe nafasi, mkimbie. Jeshi limeonya mara nyingi juu ya matapeli hao, na limesema kuwa mafunzo yake si ahadi ya ajira.

Basi tuulize matatu: Nani kaona? Lini? Na mwenye dhamana amesema nini? Likikosekana jibu, khabari ikae kwako, usiipeleke mbele.

Nanyi vijana mnaowasomea wazee wenu simu, jueni kuwa mmebeba amana. Bibi yako hataona kama ujumbe ni wa jana au wa mwaka juzi, wewe waona. Mwambie kabla moyo wake haujashtuka.

Wabillahi tawfiq.