Mgeni Njoo, Lakini Uliza Kwanza

Jamani vijana wenzangu, hili nalisema wazi. Mi najitolea hapa Nyarugusu na ni Mkristo. Wageni wa misheni wakija kutoka ng'ambo, mara nyingi mimi ndo mkalimani wao. Safari moja walileta fulana na mipira. Walicheza na watoto, wakapiga picha, siku ya nne wakaenda zao. Wiki ileile mama mmoja wa kanisani kwetu, anayelea yatima watatu pamoja na wanawe, alikuwa anahangaika kutafuta blanketi. Hakuna aliyemuuliza. Na mimi nilijua, nikanyamaza. Bado inaniuma.

Sisemi misheni ni mbaya. Sisi wa Kivu Kusini tunaijua Hospitali ya Panzi, Bukavu. Dkt. Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji, aliianzisha mwaka 1999 chini ya kanisa la CEPAC, na Wapentekoste wa Sweden wakamshika mkono. Mwenyeji alitangulia, mgeni akasaidia.

Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Atapona vipi kama hakuulizwa anaumwa nini?

Wageni, na nyie ndugu wa mashirika, kabla ya kufunga mizigo waulizeni wamama wa kanisa. Wanajua nyumba ipi ina mgonjwa, na ipi imebomolewa na mvua. Na sisi vijana tusingoje wageni. Kumchotea maji bibi jirani, awe Mkristo au Mwislamu, nayo ni misheni. Mgeni ataondoka. Bibi tutabaki naye.