Kinyerezi II wameshatuonyesha njia

Sisi wa Kinyerezi mfano tunao jirani. Pale kituo cha umeme cha Kinyerezi II, megawati 240, moshi wa mitambo ya gesi hautupwi ukiwa bado na moto wake. Unachemsha maji, mvuke unazungusha mitambo mingine. Gesi ile ile, umeme zaidi. Sasa weka mkono mbele ya feni ya nje ya kiyoyozi chako usiku: kikila uniti 1 ya umeme kinatupa joto la uniti 3 hadi 4, na bafuni hita ya maji nayo inakula umeme wa LUKU! Basi joto hilo lipashe maji ya kuoga: bomba la shaba linalotoka kwenye kompresa lipitishwe kwanza kwenye tangi la maji. Maji yanapata moto, kiyoyozi kinapunguziwa mzigo. Ila kazi apewe fundi friji anayejua gesi ya kiyoyozi, si kila mwenye spana.