Makampuni ya muziki yamefunga, kanda zimekwisha: jina la mtunzi atalihifadhi nani?

Juzi nilipanda tuktuk kutoka Kongowea kuja Mji wa Kale. Redio ilikuwa ikipiga wimbo wa marehemu Juma Bhalo, na sauti imetoka safi kana kwamba mwenyewe yu hai. Nikamuuliza dereva, "Mwanangu, wimbo huu umeupata wapi?" Akanijibu, "Ami, nimetiliwa kwenye flashi pale kibandani. Shilingi mia tu, nyimbo hata sijazimaliza kuzisikiliza." Nikamuuliza tena, maneno haya yametungwa na nani? Akacheka. "Si huyo anayeimba?"

Nikatazama kile kioo kidogo cha redio. Hapakuwa na jina la mwimbaji, wala la mtunzi, wala la aliyerekodi. Palikuwa na nambari tu.

Sisemi haya kumlaumu kijana yule. Yeye amelipa alichoambiwa alipe. Lakini shilingi mia ile haikumfikia mwimbaji, wala mpiga fidla, wala mshairi, na lililo baya zaidi ni kwamba hata jina halikufika. Kila tunapozungumza juu ya wizi wa kazi za muziki tunazungumzia pesa. Mimi nahisi kwetu Pwani hasara kubwa zaidi ni ya majina, kwa sababu asiyejulikana ni mwenye kazi hawezi kuja kudai pesa hata zikipatikana.

Turudi nyuma kidogo. Siti binti Saad wa Unguja alipelekwa Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za HMV. Tangu hapo muziki wa mwambao ukaingia mikononi mwa wafanyabiashara. Hapa Mombasa, kwa miaka mingi Assanand & Sons walitoa sahani za santuri kwa nembo ya Mzuri, na Mbwana Radio Service ya Mji wa Kale ikajulikana kwa kurekodi na kuuza taarabu. Sauti za Juma Bhalo, Zein l'Abdin, Maulidi Juma na Zuhura Swaleh ziliingia majumbani kwa njia hiyo.

Wenye makampuni hawakuwa malaika. Wazee wa taarabu wanasimulia malipo ya mara moja, unapewa kiasi, unakwenda zako, na sahani ikiuzwa miaka kumi hupati zaidi. Lakini kampuni ilikuwa na kazi tatu ambazo leo hazina mwenyewe. Iligharimia kurekodi. Ilihifadhi kanda ya asili. Na iliandika karatasi ya katikati ya sahani: jina la wimbo, jina la kikundi, mara nyingi na jina la mtunzi. Karatasi ile ndogo ndiyo iliyokuwa ushahidi.

Kisha ikaja kaseti. Hapa inafaa tuwe wakweli, kaseti ilitunufaisha na ikatudhuru. Sahani ndogo ya santuri ilibeba dakika chache kila upande, na wimbo wa taarabu, kwa mbwembwe zake za kinanda na fidla, haupendi haraka. Kaseti ya saa nzima ndiyo iliyotupa nafasi ya kusikiliza nyimbo sita au saba kwa mpangilio, yaani albamu hasa kama tunavyoielewa sisi. Watu wakarekodi arusini, asubuhi kanda ikawa dukani. Lakini mashine iliyomwezesha mwenye duka kutoa nakala ilimwezesha pia jirani yake. Mwenye kunakili hakulipa studio wala msanii, basi akauza rahisi kuliko mwenye mali. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 makampuni makubwa ya nje yaliyokuwa Nairobi yalikuwa yamekwisha kuondoka au kuuza shughuli zao, na maduka ya kwetu yakabaki yanapepesuka.

Kwa hivyo anayesema intaneti ndiyo iliyoua albamu, huku kwetu hajasema kweli yote. Ulaya na Marekani mapato ya muziki yalianza kuporomoka baada ya 1999, mwaka ulioingia Napster. Sisi tulikuwa tumekwisha kuporomoka kabla ya hapo. Wenzetu baadaye walianza kuinuka, kuanzia mwaka 2015 hivi, kwa sababu watu walianza kulipia kusikiliza mtandaoni na makampuni yao yalikuwa na daftari: huu wimbo wa fulani, umetungwa na fulani, rekodi ni ya fulani. Pesa zilipokuja zilijua njia ya kupita. Zetu zikija, zinapita wapi?

Tazama YouTube. Nyimbo za zamani za Mombasa zimejaa, na sisi wenyewe twazifurahia, mimi nikiwa mmoja wao. Lakini aliyezipandisha mara nyingi si msanii wala jamaa yake, ni mtu aliyekuwa na kanda kabatini. Matangazo yakilipa, yatamlipa mwenye akaunti. Na mtu akitangulia kusajili rekodi ile kama yake, huenda mtoto wa mwimbaji akapandisha wimbo wa babake akaambiwa ameiba.

Sasa tuje kwenye sheria, kwa kuwa wengi wetu hatuijui na inatufaa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inatofautisha vitu viwili. Rekodi, yaani ile sauti iliyonaswa, inalindwa miaka 50 tangu iliporekodiwa. Lakini maneno na muziki wenyewe vinalindwa mpaka miaka 50 baada ya kufa mtunzi. Maana yake nini? Rekodi iliyofanywa Mombasa mwaka 1970 imekwisha kutoka katika ulinzi. Haki ya kampuni imekwisha. Haki ya mshairi bado ipo. Juma Bhalo alifariki 2014, kwa hivyo zile alizotunga mwenyewe zinalindwa hadi mwisho wa 2064. Lakini maneno mengi aliyoyaimba yalitungwa na binamu yake, mshairi Ahmad Nassir, na haki ya maneno hayo inafuata umri wa mshairi, haifuati wa mwimbaji. Atakayetaka kuzitenganisha nyimbo hizo, ipi ya nani, leo atauliza wapi? Ataambulia kumbukumbu za wazee, na wazee wanaondoka.

Sheria hiyo hiyo yasema kuuza hakimiliki sharti kuwe kwa maandishi. Makubaliano ya mdomo ya barazani hayahamishi mali. Hapo watunzi wengi wa kwetu wana hoja ambayo hawajawahi kuitumia. Ila kuna kisa cha kuangalia: kazi iliyoagizwa na kulipiwa huweza kuhesabiwa kuwa ya aliyeiagiza, na kwetu nyimbo za kuagizwa ni nyingi, za arusi hasa. Ndiyo maana karatasi yahitajika zaidi.

Ziko pesa? Ziko, ijapokuwa si nyingi. Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa ili mwenye wimbo wa simu, ule wa kumsikizisha anayekupigia, apate si chini ya asilimia 52. Vipo vyama vya kukusanya mirabaha, tangu MCSK ya mwaka 1983 mpaka KAMP ya watayarishaji na PRISK ya waimbaji na wapigaji. Ni kweli vyama hivi vimekuwa na magomvi ya leseni na kesi zisizokwisha, na msanii wa Pwani ana haki ya kulalamika kwamba zinazomfikia ni senti. Lakini hata siku vyama vikitengenea, swali la kwanza mezani litakuwa lile lile: thibitisha kuwa wimbo ni wako.

Na albamu je, ina mustakabali? Wapo wasemao kijana leo atoe wimbo mmoja mmoja, albamu ni kupoteza fedha. Kibiashara sina la kuwapinga sana. Mwanamuziki wa Pwani hakuwahi kutajirika kwa sahani. Alikula kwa arusi, kwa kutuzwa na kwa hoteli, na bado ni hivyo. Lakini albamu naiona kwa jicho jingine. Ni daftari la kikundi: hizi ndizo nyimbo zetu, hawa ndio watunzi, huyu ndiye aliyepiga udi, mwaka ni huu. Nairobi, Ketebul Music walifanya hivyo kwa benga mwaka 2008: walitoa nyimbo pamoja na filamu na kijitabu cha kueleza nani alikuwa nani. Sisi tuna nini cha kulinganisha? Miaka ya 1990 albamu kama Mombasa Wedding Special ya Maulidi na kikundi chake ilitolewa Uingereza. Twashukuru, lakini si jambo la kujivunia kwamba maktaba ya taarabu yetu itafutwe ughaibuni.

Hatuhitaji kungoja kampuni mpya ije. Mwenye kikundi, kabla ya kurekodi andikeni karatasi moja, mtunzi, mwimbaji na mwenye studio watie sahihi. Sajilini kazi KECOBO, siku hizi hufanyika mtandaoni. Hakimiliki huwepo hata bila kusajili, lakini siku ya ugomvi cheti ni shahidi. Jamaa za wasanii waliotangulia, msitupe kanda zilizomo kabatini hata kama zimeshika ukungu, wala msimpe mtu azinakili bila maandishi. Kaa na mzee aliyebaki, mpigie wimbo mmoja mmoja, muulize: maneno ya nani, sauti ya nani, mwaka gani. Andika. Na serikali zetu za kaunti, zinazopenda taarabu zikipokea wageni, hazishindwi kuweka chumba kimoja chenye mashine ya kunakili kanda na watu wawili wa kuandika orodha.

Niliposhuka Mji wa Kale nilimwambia yule kijana jina la Ahmad Nassir. Akalirudia mara mbili, kisha akaniuliza kama yuko mtandaoni. Nikamwambia yuko, ila hajaandikwa jina.